Daraja na Mtatago: Uhakiki wa Istiari ya Kuvuka

I. Istiari iliyozoeleka

Miongoni mwa istiari zinazopendwa na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, istiari ya daraja ni mojawapo ya zile zinazotumiwa sana na kuchunguzwa kidogo. Husemwa kwamba fasihi simulizi ni daraja baina ya jana na leo. Kwamba tafsiri ni daraja baina ya mataifa. Kwamba Kiswahili chenyewe ni daraja la kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Katika semi zote hizo daraja huchukuliwa kuwa kitu chema kisicho na mgogoro ndani yake. Pande mbili zilitengana, daraja likajengwa, watu wakakutana. Na mhakiki akishafika hapo hufunga hoja yake kwa utulivu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utulivu huo hauna msingi, na kwamba ushahidi wa kwanza dhidi yake umo katika neno lenyewe. Daraja, kwa Kiswahili, huunganisha pande mbili na papo hapo huwapanga watu kwa vyeo. Mhakiki anayeitaja kazi ya kwanza na kuinyamazia ya pili huwa ametumia nusu ya neno. Kipimo kitakachotumiwa hapa ni daraja la Mto Tana mjini Garissa. Litatazamwa kwa jicho la mtu atokaye Kotile, katika eneo la Ijara, ambaye hulifikia akiwa abiria na mara nyingi amelazimika kukaguliwa akiwa amesimama kwa miguu yake. Jicho la mhandisi na la dereva yatawekwa kando. Lakini kabla ya kufika Garissa, hapana budi kulipitia neno, kisha kuipitia miji ambayo neno hilo limeacha alama yake.

II. Neno na jamaa zake

Kiswahili hakikukosa maneno ya kutajia kitu cha kuvukia kabla neno daraja halijatawala. Kuna ulalo, yaani mti au magogo yaliyolazwa juu ya kijito ili watu wapite. Kuna mtatago, ambao ni gogo la namna hiyo hiyo, ila jina lake limetokana na kitenzi kutataga: kuvuka juu ya mti mwembamba kwa uangalifu, mwili ukijisawazisha usije ukaanguka. Tofauti baina ya maneno haya mawili yafaa itiliwe maanani. Ulalo huutazama mti, nao umelala. Mtatago humtazama mtu, naye yumo katika kazi ya kuvuka, macho yake kwenye wayo wa mguu na masikio yake kwenye maji. Ni dhahiri, basi, kwamba lugha hii ilikuwa na jina la kivukio cha waenda kwa miguu ambalo mzizi wake ni juhudi na hofu ya yule anayevuka.

Neno daraja limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni kidato cha ngazi na, kwa kupanuka, cheo. Mwarabu atakaye kutaja kitu cha kuvukia mto husema jisr au qantara, na hili la pili liliingia katika Kiswahili kwa umbo la kantara, ingawa leo husikika kwa nadra. Waswahili walilichukua neno la ngazi wakalitandaza juu ya maji, pasipo kuliondolea maana yake ya kwanza. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, imezikusanya pamoja maana za kidato, cheo na kivukio. Katika matumizi ya kila siku mtu husafiri katika behewa la daraja la tatu, mwanawe hufaulu mtihani kwa daraja la kwanza, naye mwenyewe huvuka daraja akirejea nyumbani. Neno ni lile lile.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni maana mbili zilizokutana katika umbo moja, na kwamba hapana haja ya kuzifungamanisha. Hoja hiyo inaweza kumtosha mtunga kamusi, ambaye kazi yake ni kutenganisha. Haimtoshi mhakiki. Mhakiki hushughulika na kile ambacho neno hukifanya masikioni mwa watu, na sikio halina mahali pa kuandika namba ndogo ya kutofautisha maana ya kwanza na ya pili. Mshairi anayeijua kazi yake hutegemea jambo hilo hilo.

Methali nazo zina ushahidi wao. Methali za kale zinazohusu mito na maji hazimjui mvukaji aliye salama. Usimtukane mamba na mto hujavuka. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika methali hizi kuvuka ni kuingia mahali penye mwenyewe, ambapo adabu na tahadhari ni sehemu ya safari. Ile kauli inayosikika siku hizi katika hotuba, kwamba mtu asivuke daraja kabla hajalifikia, ni tafsiri ya usemi wa Kiingereza. Nayo humdhania msikilizaji kuwa mtu ambaye daraja litamngoja. Kwa mtu wa kandokando ya Tana dhana hiyo si ya kawaida.

III. Mji na ng'ambo yake

Mji wa Unguja umehifadhi somo hili katika majina ya mitaa. Baina ya Mji Mkongwe na upande wa mashariki palikuwa na hori la bahari, na juu ya hori hilo palikuwa na daraja. Upande mmoja zilisimama nyumba za mawe za watawala, wenye mashamba na wafanyabiashara wakubwa. Upande wa pili zilikuwapo nyumba za udongo na makuti za watumwa walioachwa huru, wachukuzi, mafundi na wafanyakazi wa majumbani. Upande huu wa pili haukupewa jina la mtu wala la mti; uliitwa Ng'ambo tu, yaani huko kwingine. Mtu wa Ng'ambo alivuka asubuhi kwenda mjini kufanya kazi na akavuka jioni kurudi. Daraja lilimwunganisha na mji kwa ukamilifu, na kwa ukamilifu huo huo lilimkumbusha kila siku kwamba yeye si wa mji.

Katika karne ya 20 hori lilijazwa udongo, na maji yaliyowatenga watu yakatoweka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilijenga Michenzani, katika Ng'ambo yenyewe, majumba makubwa ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Hata hivyo soko lililofunguliwa mwaka 1904 linaitwa Darajani hadi leo, na Ng'ambo ingali Ng'ambo. Daraja limekwenda, maji yamekwenda, na daraja kwa maana ya cheo limebaki katika majina. Anayetaka kuthibitisha kwamba maana mbili za neno hili hazikukutana kwa bahati mbaya hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Miji ya bara imeirudia habari hiyo kwa saruji na chuma. Katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, daraja la waenda kwa miguu la Manzese limekuwa alama ya mtaa kiasi cha mahali kuitwa Manzese Darajani. Jijini Nairobi, Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, ilijengewa madaraja ya namna hiyo juu ya njia nyingi za magari. Hapa maana ya kwanza kabisa ya neno hurudi kwa ghafla, maana ili mtu avuke hana budi kwanza apande vidato. Gari hupita tambarare pasipo kupunguza mwendo. Mama aliyebeba ndoo ya mboga kichwani hupanda, huzunguka, hushuka. Waliovuka kwa kukimbia chini ya daraja wamelaumiwa kwa ukaidi na ujinga, na hatari yao ni ya kweli. Lakini lawama hiyo haijauliza ni nani aliyeamua kwamba mwenye miguu ndiye apande na mwenye magurudumu ndiye anyokewe na njia. Daraja la waenda kwa miguu ni heshima kwa uhai wa mtu. Pia ni hukumu juu ya cheo chake barabarani.

Haki yadai upande wa pili wa shauri hili usemwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, huko Mombasa, ilizama na watu 272 wakafa. Desemba 2020, wakati wa maradhi ya Korona, lilifunguliwa daraja lenye kuelea baina ya Liwatoni na Ras Bofu ili waenda kwa miguu wapungue katika msongamano wa feri ya Likoni. Mtu aliyewahi kupoteza jamaa katika maji hayo hana subira na mhakiki anayelidharau daraja, naye hakosei. Hoja ya makala haya haisemi kwamba daraja ni baya. Inasema kwamba wema wake haujifungui wenyewe, na kwamba lazima uulizwe kwa kila anayelikanyaga.

IV. Daraja la Garissa

Kotile iko kusini mwa mji wa Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Mtu wa huko anaujua mto kama mlishaji na kama adui: humpa maji ya mifugo na ardhi ya kulima kandokando, na ukifurika humtoa nyumbani kwake. Akitaka kwenda Nairobi kwa njia ya Garissa, husafiri kuelekea kaskazini hadi mjini, kisha hulifikia daraja. Upande wa pili uko Mororo na Madogo, katika Kaunti ya Tana River, na mbele yake barabara ya Mwingi na Thika.

Kiuchumi daraja hili ni koo la mji. Mifugo inayouzwa Garissa hupita hapo kwenda kuchinjwa mijini, na mboga, miraa na bidhaa za viwandani huingia hapo kwenda katika maduka na masoko, Suuq Mugdi likiwamo. Lakini hapo hapo, kwa miaka mingi, pamekuwa na kizuizi cha polisi. Abiria wameteremshwa katika basi, wakapanga foleni, wakaonyesha vitambulisho, huku basi likiwangoja mbele. Kwa muda huo daraja la magari hugeuka daraja la waenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu hupimwa. Asiye na karatasi hurudi alikotoka. Mzigo wake waweza kuvuka, yeye asivuke.

Ukaguzi huu haukuzaliwa na daraja. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliwapa watawala uwezo wa kuzifunga wilaya hizo, zisiingilike wala zisitokeke pasipo kibali, na sheria ya 1934 ikaongeza mamlaka yao. Baada ya uhuru ilitangazwa hali ya hatari Desemba 1963, vita vilivyoitwa vya Shifta vikapiganwa hadi 1967, na hali hiyo ya hatari ikaendelea katika sheria hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kuhakikiwa upya, na waliopita wakapewa kadi ya pili ya kuthibitisha uraia ambao wenzao walithibitisha kwa kadi moja. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa mchujo wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Tangazo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba kwa zaidi ya miaka 60 ya uhuru uraia ulikuwa na madaraja.

Wenyeji wa kaskazini wana msemo wa kusema kwamba anayevuka kwenda upande wa Nairobi anakwenda Kenya. Wageni huucheka msemo huo au huuona kuwa ukosefu wa uzalendo. Mhakiki wa lugha aukubali kama ushairi uliokamilika. Kwa neno moja la mahali, msemaji ameeleza kwamba alizaliwa katika ng'ambo, kama yule wa Unguja, na kwamba daraja analovuka linampeleka katika nchi ambayo vitabu vinasema tayari yumo.

Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliongeza funzo jingine. Daraja la Garissa lilisimama imara, lakini barabara ya upande wa Madogo ilizama. Daraja lilikuwapo, njia ya kulifikia haikuwapo. Watu wakarudi katika mashua, na tarehe 28 Aprili 2024 mashua mojawapo ikazama na watu wakafa maji. Istiari ya daraja inayotumiwa vitabuni haina nafasi ya jambo hilo, kwa sababu hudhani kwamba daraja likishasimama kuvuka kumekwisha kupatikana. Mtu wa Kotile anajua kwamba daraja ni sehemu fupi mno ya safari, na kwamba pande zote mbili zake huhitaji ardhi iliyo imara.

V. Mto katika riwaya mbili

Waandishi wawili wa riwaya wameliona jambo hili vizuri zaidi kuliko wahakiki wao. Katika The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1965, matuta mawili ya Kameno na Makuyu yanatazamana, na Mto Honia unapita katikati. Wasomaji wengi wamemwita Waiyaki daraja baina ya pande hizo. Lakini yafaa iangaliwe kwamba mwisho wa Waiyaki hautokei katika upande wowote wa kupumzika; watu wanakusanyika karibu na mto, na hapo hapo anahukumiwa. Anayejifanya daraja hukanyagwa na pande zote mbili, kisha huulizwa yeye ni wa upande gani. Ngũgĩ hakuandika sifa ya daraja. Aliandika bei yake.

Ivo Andrić, katika riwaya yake ya 1945 kuhusu daraja la mawe la Višegrad juu ya Mto Drina, alikwenda mbali zaidi. Katikati ya daraja lake pana mahali palipopanuliwa ambapo watu huketi, hunywa kahawa na kuzungumza, na pangeweza kuwa picha ya udugu wa Waislamu na Wakristo. Lakini mahali hapo hapo, wakati wa uasi, hujengwa kibanda cha walinzi, na vichwa vya waliouawa huwekwa watu wavione. Baadaye, chini ya Waaustria, askari kijana aitwaye Fedun huwekwa zamu kuwakagua wapitao. Msichana aliyemvutia humvusha mtoro mbele ya macho yake, akiwa amevalishwa kama bibi kizee, na kijana huyo hujiua. Katika kisa hiki Andrić anamwonyesha msomaji kwamba kizuizi humfunga pia yule anayekilinda. Msomaji wa Garissa hahitaji maelezo marefu ili kukielewa kisa hiki cha nchi ya mbali. Amekiona kikitokea kwa Kiswahili.

VI. Kiswahili na upande wa pili

Kwa Kiswahili: hapo ndipo idara za lugha zinapohusika moja kwa moja. Katika kizuizi cha darajani lugha ya kuulizia ni hii inayofundishwa vyuoni kama lugha ya umoja. Anayejibu kwa lafudhi ya Kisomali amekwisha kujulikana kabla ya kutoa kadi yake. Basi mhakiki anaposema kwamba Kiswahili ni daraja la kuwafikia watu wa kaskazini, amesema kweli zaidi ya alivyokusudia.

Aidha usemi huo una kosa la kitaalamu. Hudhani kwamba upande wa pili wa mto ulikuwa mtupu, na kwamba Kiswahili kilivuka kikitokea Nairobi. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch kuhusu lugha za Kisabaki, uliochapishwa mwaka 1993, umekiweka Kiswahili katika familia moja na Kipokomo na Kiilwana, lugha zinazosemwa kando ya Mto Tana wenyewe, pamoja na Kimijikenda na Kikomoro. Kiilwana kimeishi kwa muda mrefu jirani na Kiorma na Kisomali na kuathiriwa nazo. Pwani nako Kibajuni kilienea hadi upande wa Kismayu, na huko Barawa Chimwini kilisemwa na wenyeji wa mji. Fumo Liyongo, shujaa wa utenzi unaofundishwa katika kila idara, masimulizi yanamhusisha na Ozi, penye maingilio ya Tana. Wasemaji wa lugha hizi walikutana mtoni na pwani, katika mitumbwi na majahazi, karne nyingi kabla ya saruji.

Wanaofundisha uhakiki, kwa hiyo, wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuirudisha istiari ya daraja katika mizani: kila inapotajwa, mwanafunzi aulize ni nani aliyelijenga, ni nani anayelipita bila kusimama, na ni nani anayeteremshwa. Ya pili ni kuacha kuliona eneo la Tana na kaskazini kuwa ng'ambo ya kufikiwa. Masimulizi ya Kipokomo na Kiilwana, pamoja na ushairi wa Kisomali wa wafugaji wa Ijara, yafaa yasomwe katika idara za Kiswahili kama mali ya jirani na ndugu.

Neno mtatago limekwisha kuwa adimu, na hapana haja ya kuwalazimisha wahandisi walitumie. Lakini mhakiki alihifadhi akilini, kwa sababu linamtaja mvukaji ambaye neno daraja limemsahau. Siku ambayo mtu wa Kotile atapita Garissa akiwa ameketi katika kiti chake kama abiria wengine wote, daraja litakuwa limebaki na maana moja ya kuvukia. Hadi siku hiyo, anayevuka hapo, ingawa chini ya miguu yake pana saruji pana, bado anatataga.